Namba Yako Ina Mwenzake?

Wadogo zangu, habari za kuhangaika na sura ya nne ya tasnifu? Najua ni msimu wake, maana barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja. Yupo wa ualimu: kawapa wanafunzi wa kidato cha pili mtihani wa hisabati, kawafundisha wiki sita kwa njia anayoitafiti, kisha kawapa mtihani tena. Yupo muuguzi mtarajiwa aliyepima shinikizo la damu kwa wagonjwa wa kliniki mbili. Yupo wa kilimo, ana mahindi ya samadi na mahindi ya mbolea ya dukani. Wote wana wastani mbili mkononi. Wanataka kujua kama tofauti wanayoiona ni ya kweli au ni bahati tu ya nani kaingia kwenye sampuli, na wote wamekwama palepale: Dada, nitumie jaribio la t la jozi au la makundi huru?

Mmoja kaongeza kwamba kijana wa steshenari anayemfanyia uchambuzi kamwambia asijisumbue, achague lolote, majibu ni yaleyale. Huyo nitamjibu kwa namba, tena namba za watu waliolala usingizi wao zamani sana. Subirini kidogo.

Kwanza jibu lenyewe. Usianzie kwenye kompyuta. Chukua namba ya kwanza katika safu ya kwanza ya data zako, uiulize: mwenzako ni nani kule safu ya pili? Kama anajulikana, na hakuna namba nyingine inayoweza kukaa mahali pake, una jozi. Kama hayupo, yaani namba yoyote ya upande wa pili ni sawa tu na nyingine, una makundi huru. Ukitaka uhakika, fanya hivi kichwani: vuruga mpangilio wa safu ya pili, ya juu iende chini, ya katikati ipande juu. Kuna kitu umeharibu? Huyu wa ualimu akifanya hivyo, alama ya kwanza ya mtoto mmoja itakaa na alama ya pili ya mtoto mwingine, na hapo utafiti umekufa. Muuguzi akifanya hivyo haharibu chochote, kwa sababu mgonjwa wa kliniki ya kwanza hakuwa na ndugu yake maalumu kliniki ya pili. Basi wa ualimu ana jozi, muuguzi ana makundi huru. Wa kilimo nitamrudia. Jibu lake liko shambani, na mimi shamba sijaliona.

Jozi si lazima iwe mtu mmoja kapimwa mara mbili. Mapacha ni jozi. Mume na mke waliojibu swali moja kila mtu kivyake ni jozi. Jicho la kulia lililotiwa dawa na la kushoto lisilotiwa ni jozi, na bei ya sukari katika duka lilelile Januari na Juni ni jozi pia. Kinyume chake, kulingana kwa idadi hakuleti jozi. Ukiwa na wanawake 40 na wanaume 40 uliowapata sokoni, hawajaoana kwa sababu tu jedwali lako limewapanga mstari mmoja. Hili nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu programu haitakuzuia. Ukiiambia hizi ni jozi, itapiga hesabu ya jozi bila kulalamika.

Sasa twende kwa wale waliolala.

Mwaka 1908 jarida la Biometrika la Uingereza lilichapisha makala ya mtu aliyejiita Student. Jina lake halisi lilikuwa William Sealy Gosset, mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin. Kiwanda hakikutaka wafanyakazi wake wachapishe kwa majina yao. Kazi ya Gosset ilihusu shayiri, hopsi na mambo mengine ya kiwandani, na shida yake ilikuwa kama yenu: sampuli ndogo. Kanuni zilizokuwepo wakati ule zilifaa pale mtu anapokuwa na mamia ya vipimo. Yeye alikuwa na vinne, vitano, kumi. Alikwenda kusoma kwa Karl Pearson mjini London mwaka 1906 na 1907, akarudi na wazo ambalo ndilo msingi wa jaribio la t mnalohangaika nalo leo. (Herufi t yenyewe na hesabu ya digrii za uhuru kama tunavyozijua zilikaa sawa baadaye, kwa mchango mkubwa wa Ronald Fisher. Mtahini akikuuliza nani alianzisha, mpe majina yote mawili.)

Katika makala ile Gosset alitumia data za usingizi zilizokusanywa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili huko Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1905 na Cushny na Peebles. Wagonjwa ni kumi. Kila mmoja alipewa dawa mbili za usingizi kwa nyakati tofauti, na kila dawa ikahesabiwa imemwongezea saa ngapi kulinganisha na alivyolala bila dawa. Kwa dawa ya kwanza majibu yao, kwa mpangilio, ni 0.7, −1.6, −0.2, −1.2, −0.1, 3.4, 3.7, 0.8, 0 na 2.0. Alama ya kutoa maana yake alilala pungufu. Kwa dawa ya pili, kwa mpangilio uleule, ni 1.9, 0.8, 1.1, 0.1, −0.1, 4.4, 5.5, 1.6, 4.6 na 3.4.

Chukueni kalamu, msiniachie kazi peke yangu. Wastani wa dawa ya kwanza ni saa 0.75, wa pili ni saa 2.33. Tofauti ni saa 1.58, na hiyo haibadiliki hata ukichagua jaribio gani. Kinachobadilika ni kile unachoigawanyia. Jaribio la t kwa ujumla wake ni hilo tu: tofauti ya wastani, gawanya kwa kosa sanifu, yaani kadirio la jinsi tofauti hiyo ingeyumba kama ungerudia utafiti kwa watu wengine.

Tumfuate kijana wa steshenari, tujifanye hawa ni watu 20, kumi kwa kila dawa. Kosa sanifu linakuja 0.85, kwa sababu ndani ya kila kundi watu wametawanyika vibaya: yupo aliyepoteza saa moja na nusu, yupo aliyeongeza zaidi ya tatu na nusu. Gawanya 1.58 kwa 0.85, t ni 1.86. Thamani ya p ni 0.079. Ukifuata kile kizingiti cha 0.05 mnachokariri, utaandika kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa dawa hizi zinatofautiana.

Sasa tuwape haki yao, watu ni kumi na kila mmoja anajilinganisha na yeye mwenyewe. Toa dawa ya kwanza kwenye ya pili, mgonjwa kwa mgonjwa: 1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6, 1.4. Ziangalieni hizo namba vizuri kabla ya kwenda mbele. Hakuna hata moja yenye alama ya kutoa. Mmoja hakuona tofauti, tisa waliobaki wote walilala zaidi kwa dawa ya pili. Mkengeuko sanifu wa tofauti hizi ni 1.23, ugawanye kwa kipeuo cha pili cha 10, unapata kosa sanifu 0.39. Gawanya 1.58 kwa 0.39, t inakuwa 4.06, na p ni 0.003.

Watu ni walewale na saa ni zilezile, ila jibu moja linasema "sioni kitu" na jingine linasema "kitu kipo, tena wazi". Mwambieni kijana wa steshenari Dada anamsalimu.

Kilichotokea ni hiki. Yupo anayelala kirahisi na yupo ambaye hata umpe nini usingizi haumchukui, na tofauti hizo za kimaumbile baina ya mtu na mtu ni kelele. Kuitafuta athari ya dawa katikati yake ni kama kumsikiliza konda wakati spika za daladala zimefunguliwa mpaka mwisho. Jozi inaizima redio. Ukitoa alama ya mtu kwenye alama yake mwenyewe, ule ulalaji wake wa asili unajifuta, unabaki na kile dawa ilichofanya. Katika data hizi aliyepata nafuu kwa dawa moja kwa kawaida alipata na kwa nyingine. Uwiano kati ya safu mbili ni karibu 0.8. Ndiyo maana kuzima redio kulilipa sana.

Msije mkatoka hapa mnadhani jozi ni dawa ya kupata p ndogo, nikawasikia mnaoza data zisizohusiana. Jozi ina gharama. Kwa wagonjwa hawa kumi digrii za uhuru ni 9, wakati kwa makundi huru zingekuwa 18. Kama wenza hawafanani kwa lolote, umelipa gharama bure. Na kubwa zaidi, hii si menyu ya kuchagua baada ya kuonja. Jinsi ulivyokusanya data ndiyo inayoamua, na uliamua siku ile ulipoandika pendekezo la utafiti, hata kama hukujua.

Hapo namgeukia wa kilimo. Mdogo wangu, ulipanda vipi? Kama kila mkulima aligawa shamba lake nusu kwa nusu, huku samadi, kule ya dukani, basi kila shamba ni jozi: udongo ni uleule, mvua ni ileile, na panya ni walewale. Kama wakulima wa samadi ni wengine na wa dukani ni wengine, ni makundi huru, na udongo wote wa wilaya umeingia kwenye kelele yako.

Mwenzako katika hili ni Charles Darwin. Kitabu chake cha 1876 kuhusu uchavushaji kina mahindi, jozi 15: kila jozi mche mmoja uliotokana na uchavushaji mtambuka na mwingine uliotokana na kujichavusha, iliyooteshwa pamoja ili ikue katika hali moja. Data hizo zilipelekwa kwa Francis Galton, binamu yake, mtaalamu wa takwimu wa enzi ile. Galton alifanya nini? Akapanga kila safu kuanzia mche mrefu hadi mfupi, kisha akalinganisha mrefu na mrefu, mfupi na mfupi. Yaani alivuruga ndoa zote ambazo Darwin alihangaika kuzifunga kwenye vyungu. Mwaka 1935 Fisher alizirudisha jozi mahali pake katika kitabu chake cha usanifu wa majaribio, akapata t ya 2.148 kwa digrii 14 za uhuru, wakati kizingiti cha asilimia tano ni 2.145. Imepita kwa unywele! Lakini imepita kwa sababu Darwin alipanda kwa jozi, na kwa sababu aliandika mche upi ulikuwa na mwenzake yupi.

Kuandika nani ni mwenzake nani. Wadogo zangu, hapa ndipo wengi wenu mnapoumia, wala si kwenye hesabu. Mnakwenda shuleni na dodoso la kabla, mnaambiwa na kamati ya maadili msiandike majina, mnatii. Mnarudi baada ya wiki sita na dodoso la baada, bila majina pia. Sasa una karatasi 60 huku na 58 kule, na hakuna nguvu chini ya jua itakayokuambia karatasi ipi ni ya nani. Ulisanifu jozi, umekusanya makundi.

Dawa yake haina gharama. Mwambie kila mshiriki aandike juu ya karatasi msimbo anaoweza kuutengeneza tena mwenyewe: herufi mbili za mwanzo za jina la mama yake, tarehe yake ya kuzaliwa bila mwezi wala mwaka, na herufi ya kwanza ya mtaa au kijiji alichozaliwa. Wewe humjui ni nani, kamati ya maadili imeridhika, na siku ya pili ataandika vilevile. Wachache watagongana, wachache watasahau, hao utawapoteza. Usimwambie achague namba yoyote anayoipenda, kwa sababu baada ya wiki sita hataikumbuka.

Na wale ambao mmeshakusanya bila msimbo, maana najua mpo: mtatumia jaribio la makundi huru, na mtasema wazi kwenye sura ya mapungufu kwamba ni watu walewale ila hawakuweza kuunganishwa. Kwa kawaida anayefanya vizuri mwanzo hufanya vizuri na mwisho, kwa hiyo jaribio hilo litakuwa kali kupita kiasi dhidi yenu. Likionyesha tofauti, mna pa kusimama. Lisipoonyesha, msiandike kwamba njia ya kufundishia haikusaidia. Mmeona wenyewe ilivyokuwa kwa wale wagonjwa wa Kalamazoo.

Sasa nirudi kwa wa ualimu, maana hajamaliza. Jozi zako ni sahihi, mdogo wangu, lakini t kubwa itakuambia kitu kimoja tu: alama zimepanda. Haitakuambia zimepanda kwa nini. Watoto wamekua wiki sita, wamezoea aina ya mtihani, pengine na tuisheni wamekwenda. Ndiyo maana msimamizi anakuuliza kundi la kulinganisha liko wapi.

Na ukilipata kundi hilo, usifanye kosa ambalo nimelikuta kwenye tasnifu nyingi, hata makala za wakubwa: kupiga jaribio la jozi kwa darasa la njia mpya, likatoka p 0.03, kupiga jingine kwa darasa la kawaida, likatoka p 0.10, kisha kutangaza kwamba njia mpya imeishinda ya zamani. Hujazilinganisha! Umelinganisha kila darasa na nafsi yake, basi. Fanya hivi: kwa kila mtoto toa alama ya kwanza kwenye ya pili, upate ongezeko lake. Sasa una safu mbili za maongezeko, moja ya kila darasa, na maongezeko ya darasa hili hayana wenza kule. Piga jaribio la makundi huru kwenye maongezeko hayo. Jozi zimeshafanya kazi yake ndani ya kutoa, makundi yanafanya yake nje. Na kama umetumia madarasa mawili tu, kila moja na mwalimu wake, msimamizi ana haki ya kusema kwamba unalinganisha walimu. Hiyo hakuna hesabu itakayokuokoa nayo.

Kuhusu kugawa watu kwenye makundi, nina kisa kimoja ambacho kila anayefanya utafiti mashuleni anapaswa kukijua. Mwaka 1930, wilaya ya Lanarkshire huko Scotland, watoto wa shule 20,000 waliingizwa kwenye jaribio la maziwa. Elfu kumi walipewa maziwa kila siku ya shule kuanzia Februari hadi Juni, nusu yao mabichi, nusu yaliyopashwa moto kuua vijidudu. Elfu kumi hawakupewa. Wote walipimwa uzito na urefu mwanzo na mwisho. Watoto elfu ishirini, jamani, nani kati yenu anaota sampuli hiyo?

Mwaka uliofuata Student yuleyule akaandika makala ya kuuchambua utafiti ule. Watoto walichaguliwa kwa kura au kwa alfabeti, lakini walimu waliruhusiwa kubadilisha wachache pale kundi lilipoonekana lina walioshiba wengi au wenye njaa wengi. Mwalimu ni binadamu. Akimwona mtoto dhaifu amepangwa kukosa maziwa, mkono unamwendea. Matokeo yake, hata kabla ya tone la kwanza kunywewa, wasiopewa maziwa walikuwa wazito na warefu kuliko waliopewa. Juu ya hapo walipimwa na nguo: Februari ni baridi kali na nguo ni nzito, Juni ni joto. Mtoto wa mwenye nacho anavua koti na sweta, wa maskini hana cha kuvua. Uzito wa nguo ukaingia kwenye hesabu ya maziwa. Na katika kila shule maziwa yalikuwa ya aina moja tu, kwa hiyo kulinganisha mabichi na yaliyopashwa moto kulikuwa pia kulinganisha shule na shule.

Pendekezo la Student lilikuwa nini? Mapacha wanaofanana, jozi 50, mmoja apewe maziwa mabichi na mwingine yaliyopashwa moto, kwa kurusha sarafu. Alisema watoto hao mia moja wangetoa jibu la kuaminika zaidi, kwa sehemu ndogo tu ya gharama. Mkisikia mtu anawatisha kwamba sampuli yenu ni ndogo, mkumbusheni hilo, ila mhakikishe kwanza kwamba nanyi mmepanga kama alivyopanga yeye.

Muuguzi wangu, sijakusahau. Kliniki mbili, makundi huru, lipo jambo moja la kuamua: jaribio la t la zamani linadhani mtawanyiko ndani ya makundi mawili ni sawa, la Welch, la mwaka 1947, halidhani hivyo. Tumia la Welch, usihangaike. SPSS hutoa mistari miwili ya majibu, chukua wa chini. Kwenye Excel, ile nafasi ya mwisho ndani ya T.TEST inataka namba: 1 ni jozi, 2 ni makundi huru yenye mtawanyiko sawa, 3 ni ya Welch. Ukiona digrii za uhuru zina desimali, kama 17.8, usishtuke, ndivyo Welch alivyo. Na ukianza kuingiza data, makundi huru yanataka safu moja ya vipimo vyote na safu nyingine inayosema ni kliniki ipi. Jozi zinataka mstari mmoja kwa kila mtu, kabla na baada vikae kando kwa kando. Ukishindwa kuzipanga kwa namna mojawapo, mara nyingi ni dalili kwamba hujui bado una nini.

Mmeuliza pia kuhusu ule mchoro wa umbo la kengele. Kwa jozi, kinachotakiwa kuwa na umbo hilo ni tofauti, si alama za kabla wala za baada. Chora tofauti zako, uziangalie kwa macho. Katika data za usingizi mgonjwa wa tisa, mwenye 4.6, amekaa mbali na wenzake. Mkimtoa, wastani wa tofauti unashuka hadi 1.24, lakini t inapanda hadi 5.66, kwa sababu mtawanyiko umepungua zaidi kuliko wastani ulivyoshuka. Wengi hudhani kinyume. Sijasema mtoeni; mtu halisi hatolewi kwa sababu analala sana. Mkiwa na sampuli ndogo na namba za ajabu kama hizo, lipo jaribio la Wilcoxon kwa jozi na la Mann na Whitney kwa makundi huru, yanatumia nafasi za namba badala ya namba zenyewe. Mwenye makundi matatu na zaidi aachane na t kabisa, aende kwenye uchambuzi wa varianzi.

Limebaki la wale wajanja. Umepata p 0.079, mtu kakunong'oneza ugeuze jaribio liwe la upande mmoja, na kweli inakuwa 0.04. Mtahini mwenye macho ataijua tu, kwa sababu nadharia tete yako ya sura ya kwanza inasema "kuna tofauti", haikusema ya upande gani. Usiguse.

Na mnapoandika matokeo, msiishie kwenye "p < 0.05, kuna tofauti ya maana". Andikeni tofauti yenyewe kwa kipimo ambacho msomaji anakielewa, na upana wake. Kwa wale wa Kalamazoo ingesomeka hivi: dawa ya pili iliongeza usingizi kwa wastani wa saa 1.58 zaidi ya dawa ya kwanza, wigo wa kuaminika wa asilimia 95 ukiwa saa 0.70 hadi 2.46, t(9) = 4.06, p = 0.003. Yaani faida inaweza kuwa dakika arobaini na kitu, inaweza kuwa karibu saa mbili na nusu. Daktari hapo ana la kufanyia kazi. Na pale SPSS inapowachapia p ya 0.000, msiinakili hivyohivyo, andikeni p < 0.001.

Wa ualimu, nitumie safu yako ya maongezeko ukishaipata. Wa kilimo, nisubiri nijue shamba liligawanywaje kabla hujalipa mtu yeyote wa steshenari.